Bibi Nungu Hataki Kwenda

Kompyuta ile haikuwa na spika, lakini mshonaji aliisikia ikicheka.

Ilikuwa mchana kweupe, naye alikuwa akipiga pasi gauni la mteja. Chumba cha pili alikaa kaka yake, aliyehamia kwake baada ya kufiwa na mke. Kaka huyo alikuwa ameitoa stoo kompyuta ya utotoni mwao, akaipangusa vumbi, akamwasha tena Bibi Nungu: yule nungunungu wa kuchorwa mwenye miwani, wa programu iliyowafundisha kusoma kwa michezo. Ukipatia neno, alitikisa miiba na kuandika, "Hodari!"

Mwanzoni dada mtu alifurahi. Walicheza pamoja wakacheka mpaka machozi.

Sasa alichungulia. Harufu ya manyoya mabichi ikamkaba.

"Kaka, unaongea na nani?"

"Na Bibi. Ana maswali mapya."

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na picha ya marehemu wifi yake, amevaa gauni lile lile ambalo mshonaji mwenyewe alimshonea la kuzikiwa. Chini yake, nafasi tupu zilisubiri herufi za jina.

Akachomoa waya ukutani. Kioo hakikuzimika.

Tangu hapo kaka akawa hali, haogi, sauti yake ikawa nyembamba kama ya mtoto, na ukutani kitu kikawa kinajikwaruza, taratibu, kikimfuata mshonaji kila alikokwenda, jikoni, ukumbini, hata bafuni alikojifungia kulia, mpaka akakimbia pekupeku kumwita mganga.

Mganga, mwanamke mnene asiye na maneno mengi, alifukiza chumba akauliza, "Nani wewe?"

Kinywani mwa kaka ikatoka sauti ya kikongwe. "Nilikuta mtu analia. Sura hii ya Bibi Nungu niliikuta moyoni mwake, nikaivaa."

"Toka!"

"Anifukuze yeye."

Mganga akamshika kaka bega. "Baba, mwambie aende. Sema tu."

"Sema, kaka, nakuomba," mshonaji alinong'ona.

Kaka akatabasamu. "Kwa Bibi hakuna aliyekufa. Niacheni."

Mganga akafunga mkoba. "Mimi namtoa asiyetakiwa, mwanangu. Huyu simwezi."

Alipoondoka, mshonaji alimvua kaka yake shati amwogeshe. Mgongo mzima ulikuwa umevimba vipele, na katika kila kipele ilichomoza ncha nyeusi, ngumu.

"Usiguse, dada," kaka akasema kwa upole. "Ndiyo kwanza inaota."