Mwenye Namba Afike Mwenyewe

Redio ililia Jumapili saa kumi alasiri, na haikuwa imeunganishwa na umeme wala betri.

Floribert aliitazama pale kwenye meza yake ya kazi. Miaka kumi na miwili ya kutengeneza redio hapa Naviundu, Lubumbashi, ilikuwa imemfundisha kwamba chombo kisicho na umeme hakimsumbui mtu. Hii ilikuwa redio ya boti, ya zile zenye kitufe chekundu: ukipatwa na hatari unakibonyeza, na chombo chenyewe kinatuma namba yako ya tarakimu tisa na mahali ulipo. Redio zote za karibu zinalia, mpaka mtu akubonyezee jibu: imepokelewa.

Alikuwa amenunua mbili. Ya pili aliifunga kwenye boti ya mdogo wake Sylvain, aliyekuwa akiwatembeza wageni kwenye ziwa Moero. Lakini bila zile tarakimu tisa kitufe hakitumi kitu. Tarakimu hutolewa na ofisi, na ofisi ilitaka picha nne, cheti cha kuzaliwa cha mwenye boti na, baada ya kufikiri zaidi, cheti cha kuzaliwa cha boti.

"Enda tu," Floribert alimwambia. "Namba itakuja."

Boti ilizama mwezi wa tano. Sylvain hakupatikana, wala redio yake.

Namba ilikuja mwaka mmoja baadaye, kwa barua yenye mihuri mitatu. Floribert aliisoma kwa sauti palepale mezani, akicheka kile kicheko kinachoumiza koo: "Bwana Sylvain, ombi lako limekubaliwa. Mwenye namba afike mwenyewe."

Mkewe Germaine alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga. Kwao, huko ziwani, jina la mtu aliyechukuliwa na maji haliitwi kwa sauti kabla mwili wake haujapatikana.

"Baba Léa, unamuita?"

"Si miye. Ni État, serikali, njo inamuita."

Na sasa redio ilikuwa ikilia, na kwenye kioo chake ziling'aa tarakimu zilezile za kwenye barua. Hatari: kuzama. Floribert alitafuta mahali palipoandikwa kwenye ramani ya simu yake. Palikuwa Kasenga, kwenye mto unaoingia ziwani. Sylvain alikuwa ametoka ziwani, akiufuata mto.

Jumapili ya pili, saa kumi, wito ulitoka katikati ya barabara ya kutoka Kasenga kuja Lubumbashi, mahali ambapo hakuna maji hata ya kunawa. Ya tatu, ulitoka kwenye daraja la Naviundu, dakika kumi kutoka kwao, na siku hiyo nyumba nzima ikanuka tope na samaki.

Germaine alimwendea shehe Asani, fundi cherehani wa ukoo uliotoka Maniema, aliyesifika kwa kutoa majini na kubadilisha zipu. Wakatoliki wa parokia walimwendea kwa mlango wa nyuma. Shehe alisoma barua aliyoletewa, akahesabu mihuri, akatikisa kichwa.

"Balimuita na tampon tatu! Miye sina ata moja." Kisha akanong'ona: "Ikilia, usijibu. Ukijibu, mulango inafunguka."

"Na kama ni yeye mwenyewe, shehe?"

"Jini ya mu maji inakuitaka na sauti ya muntu wako. Njo kazi yake."

Jumapili ya nne, shehe akiwa amekuja kwao, redio ililia, na mahali palikuwa uani kwao, na harufu ya tope ikaingia ikifuatwa na harufu ya petroli, na shehe akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini huku maji yakitambaa kutoka chini ya mlango uliofungwa, yakipita miguuni pa meza kama yanayoijua njia, mpaka kelele ya redio ikakatika na sauti ikatoka, ya kijana aliyechoka sana.

"Yaya Flori. Unanisikia?" Ni Sylvain tu aliyemwita kaka yake hivyo.

Kidole cha Floribert kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kujibu.

"Léa iko mu chumba," Germaine alinong'ona. "Nakuomba, papa. Nakuomba."

"Yaya... kitufe niko nafinya. Niko nafinya."

Floribert aliondoa kidole. Akakiweka mdomoni, akakiuma. Shehe alisoma mpaka kioo kikazimika na maji yakarudi yalikotoka.

"Imeenda," alisema, akijipangusa jasho.

Jumatatu Floribert aliirudisha barua ofisini, angalau faili lifungwe. Karani, bwana Clément, alimtazama kwa uchovu wa mtu ambaye tayari amefanya kazi siku hiyo.

"Dossier iko fermé, papa. Mwenyewe alikuja asubui hii, wa kwanza kabisa. Mvua ilimupiga mubaya."

Ulikuwa mwezi wa sita. Lubumbashi haikuwa imeona tone la mvua kwa wiki saba.

Clément aligeuza daftari la wageni. Ukurasa ulikuwa umevimba kwa maji. Kwenye safu ya "Sababu ya kuja", kwa mwandiko ambao Floribert mwenyewe alikuwa amemfundisha mdogo wake kwenye meza ya jikoni, palikuwa pameandikwa: *Nilifinya. Yaya hakujibu.*

Pembeni yake ofisi ilikuwa imepiga muhuri: IMEPOKELEWA.