Beleshi Halikuvunjika

"Liache hilo turubai, Marit. Nakuomba."

"Nimeshalivua zamani. Mashine yako ya theluji iko juu ya stendi na mikono yangu imejaa grisi. Umechelewa kuomba, mpenzi."

Garrick alikuwa upande wa pili wa simu, kazini. Nyuma yake misumeno ya kiwanda cha mbao ilikuwa inalia.

"Nani kakupa?"

"Baba yako. Nilimwambia nataka kukushtukiza kabla ya harusi, akanisaidia kuipakia kwenye pikapu. Mzee wa watu alifurahi mpaka akasahau kofia yake kwetu."

"Mimi siendi tena mlimani. Nilishasema."

"Na mimi nilishasikia. Jumamosi tunafunga ndoa. Ijumaa tunapanda wote wawili, tunampelekea Nils maua yake, tunashuka. Mara moja tu. Ukitaka kuiuza baada ya hapo, iuze."

"Basi usiifungue-fungue. Nikitoka kazini nakuja."

Simu ikakatika. Marit alitikisa kichwa, akachukua spana yake. Aliona ni yale yale majonzi ya siku zote, na majonzi ya Garrick alikuwa ameyazoea.

Hapa Valemount, mji wetu mdogo wa milimani, hakuna aliyemshangaa Garrick kuuogopa mlima. Februari mbili zilizopita alipanda na Nils, kaka yake Marit, akashuka peke yake. Walikuwa wameachana hatua chache tu, Garrick ameshuka kwenye pikipiki yake ya theluji anafuta miwani, mteremko wote ukakatika. Poromoko likaichukua mashine ya Garrick, likamfukia Nils, likamwacha yeye pembeni amesimama. Alichimba mpaka beleshi likavunjika, kisha akachimba kwa mikono mpaka helikopta ya waokoaji ikatua. Ndivyo alivyowaambia polisi, ndivyo alivyomwambia mama wa marehemu, na ndivyo sisi tulivyosimuliana kwenye foleni ya petroli. Ncha za vidole viwili zilikatwa kwa sababu ya baridi. Julai theluji ilipoyeyuka alikwenda mwenyewe kuitoa mashine yake korongoni, akaifunika kwenye ghala la baba yake, asiiguse tena.

Mwaka mmoja baada ya msiba alimchumbia Marit, jikoni kwa mama yake. Binti alikubali kabla swali halijaisha.

Sasa Marit ni fundi, na fundi hasa. Novemba ikifika sote tunapeleka mashine zetu kwenye gereji yake nyuma ya nyumba ya mama yake. Ile ya Garrick aliishughulikia kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Alimwaga petroli iliyochacha, akabadilisha plagi, akavua mkanda wa zamani na kufunga mpya, akaipangusa klachi. Aliukaza mnyororo wa mpira na kukagua meno yake marefu, yale yanayoisukuma mashine mtu anapozama kwenye theluji laini, ambayo sisi tunaiita unga. Alirekebisha hata vile vyuma viwili vya kuparua njia, vinavyorusha theluji ya kupoza injini, maana bila hivyo injini inachemka kabla hujaufikia huo unga. Akavuta kamba ya kuwashia. Mara ya tatu ikaunguruma.

Akamtumia Garrick video: "Sikiliza anavyoimba mtoto wa watu."

Jibu lilikuja haraka: "Vizuri. Mfuko wa nyuma usifungue. Kuna vitu vyangu."

"Umenifichia zawadi?"

Marit alicheka peke yake. Kulikuwa na mkanda wa akiba wa kuweka kwenye mfuko ule, na hakuna fundi anayempeleka mtu mlimani bila mkanda wa akiba. Akaivuta zipu.

Ndani mlikuwa na beleshi.

Lilikuwa la rangi ya chungwa, mpini umechomolewa na kulazwa kando. Kwenye mpini kulikuwa na utepe wa bluu na herufi G. Utepe ule aliuzungusha yeye mwenyewe, Krismasi ya mwisho ya Nils. Marit aliupachika mpini mahali pake, ukaingia na kujifunga. Akaligeuza huku na huku akitafuta ufa. Hakuona hata mkwaruzo.

Lazima nieleze kitu kimoja. Huku kwetu, kabla ya kupanda, watu wanasimama duara pale maegeshoni. Kiongozi anapita kwa kila mmoja kusikiliza kama kiredio cha kifuani kinatoa ishara, kile cha kutafutana mtu akifukiwa. Halafu anauliza, "Beleshi?" Na kila mtu anajipiga mgongoni, kwenye begi. Beleshi lililo kwenye mashine hatulihesabu, kwa sababu mlima unaweza kuchukua mashine. Jambo hili hapa analijua hata karani wa benki.

Saa tisa na nusu alasiri Garrick aliingia gereji akiwa bado na vumbi la mbao kwenye ndevu. Alimkuta Marit amekaa juu ya ndoo, beleshi mapajani.

"Hiki ni nini?"

"Marit..."

"Utepe huu nimeufunga mimi. Niambie hiki ni nini."

"Ni beleshi langu."

"Lile lililovunjika."

Garrick alitazama sakafu.

"Halikuvunjika," akasema.

"Nils alikuwa chini kiasi gani?"

"Mita moja. Kiredio kilinifikisha kwake kwa dakika tatu. Nilichoma theluji kwa fimbo ndefu ya kutafutia iliyokuwa begini, nikamgusa."

"Na mwenye beleshi anachimba mita moja kwa muda gani?"

"Wewe unajua."

"Nataka nisikie kwako."

"Dakika kumi. Kumi na mbili."

"Wewe ulitumia ngapi?"

"Karibu saa nzima. Poromoko likishatulia linakuwa saruji, Marit. Nilianza na helmeti, ikapasuka. Nikaingiza mikono."

Marit aliitazama ile mikono. Alikuwa amevibusu mara ngapi vile vidole vifupi, akijiambia hakuna mwanamume aliyepata kumpenda kaka yake kiasi kile.

"Pale maegeshoni ulijipiga mgongoni?"

"Nilijipiga."

"Huku unajua halimo."

"Nilijua. Nils pia alijua, alicheka. Alisema tunaenda tu kwenye kibanda cha mapumziko kule juu, mteremko hatuugusi. Tulipofika juu akaona ule unga haujakanyagwa na mtu. Unamjua kaka yako."

"Usimsingizie maiti. Kwa nini lilikuwa kwenye mashine?"

"Begi lilijaa."

"Lilijaa nini?"

"Vitu."

"Vitu gani hivyo, Garrick?"

Garrick alijifuta vumbi la mbao kwenye ndevu. Kisha akasema, "Vya posa. Mvinyo, mishumaa. Nilikuwa navipeleka kibandani. Kesho yake nilitaka nikupandishe wewe, nikuchumbie kule juu. Nils ndiye aliyekuwa ananisindikiza."

Marit aliivua pete yake ya uchumba, ikateleza kwa ile grisi. Akaiangusha ndani ya mfuko wa nyuma, pale lilipokuwa beleshi, akavuta zipu.

"Ningekusamehe beleshi," akasema. "Naapa ningekusamehe. Ila miaka miwili unakula kwenye meza ya mama yangu, anakuita mwanangu, anakubusu hiyo mikono kila Jumapili, na wewe unameza tu. Njia ya mwongo ni fupi. Twende ukamwambie."

"Hapana."

"Twende."

"Wewe niache, sawa. Nitukane, niitie polisi, nitakwenda. Mama usimwambie."

"Unamwogopa?"

"Simwogopi. Marit, kwa ajili ya Nils, hili liishie humu gereji."

"Kumbe nilikuwa naolewa na mwoga," Marit akasema, akalibeba beleshi na kutangulia.

Jikoni mama Sigrid alikuwa anapaka siagi kwenye chapati za viazi, anazinyunyizia sukari na kuzikunja, za kuwalisha wageni Jumamosi.

"Garrick mwanangu, kaa ule. Mbona umekonda hivyo? Unakwenda kuoa, huendi kunyongwa."

"Mama, ana neno," Marit akasema. "Haya, sema."

Garrick alibaki amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, beleshi halikuvunjika. Sikuwa nalo. Lilikuwa kwenye mashine, mashine ikachukuliwa. Ningekuwa nalo mgongoni Nils angekuwa hai."

Sigrid alikiweka kisu chini. Akalitazama beleshi, akakitazama kidole cha binti yake kisicho na pete.

"Kwa nini lilikuwa kwenye mashine?"

"Nilikosea, mama. Basi."

"Wewe si mzembe. Mzembe alikuwa mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unamkagua. Kwa nini?"

"Nilisahau."

"Hakusahau," Marit akadakia. "Begi lilijaa vitu vya posa. Mwambie mama yote, usimgawie nusu."

Garrick alimgeukia. Marit anasema hajawahi kutazamwa na mtu vile, kama mtu anayeomba asisukumwe. Hakuelewa. Alifikiri ni aibu.

Mama Sigrid aligeuka polepole kuliangalia kabati la vioo lililo karibu na dirisha. Mlikuwa na glasi nne za mama yake mzazi, zilizotoka Norwe zikiwa sita.

"Ulipita hapa asubuhi ile," akasema. "Uliniambia unataka kumchumbia binti yangu, nikalia. Nikakupa glasi mbili."

"Mama, si hizo."

"Nilizifunga kwenye sweta. Ukasema utaziweka kwenye mfuko wa mashine."

"Mama, tafadhali."

"Nikakwambia hapana, zitavunjika. Nikakwambia zibebe mgongoni."

Marit alikuwa bado ameshika beleshi, na hakujua aliweke wapi.

"Ukatoa beleshi ili zikae," mama Sigrid akasema.

"Ningeweza kukataa. Ningeweza kurudi nyumbani nikachukua begi kubwa. Ni mimi, mama. Hayakuhusu wewe."

"Zilivunjika?"

Garrick aliikunja kofia mkononi.

"Garrick, nimekuuliza. Zilivunjika?"

"Hapana, mama. Zote mbili nzima. Ziko kwangu."

Sigrid alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu akaikubali. Akachukua kisu, akaanza kupaka siagi tena. Alipaka chapati ile ile, akapaka, akapaka, mpaka ikachanika mkononi mwake. Marit alimshika bega, akamwondolea kisu.

"Garrick," Marit akaita.

Garrick alikuwa ameshavaa kofia. Pikapu iliwaka nje, ikaondoka.

Ujumbe wake uliingia nusu saa baadaye: "Siku ile niliposhuka mlimani mama yako alinikumbatia kabla sijavua viatu. Akaniuliza, 'Beleshi lako lilikuwa wapi, mwanangu?' Ningemjibu nini? Nikasema lilivunjika. Sikuwa najilinda mimi."

Marit aliusoma akiwa amesimama kwenye theluji bila koti. Alipiga simu mara kumi na moja. Haikupokelewa.

Harusi haikufanyika. Garrick alihamia Saskatchewan, nchi tambarare isiyo na kilima cha kumtisha mtu, na siku ya kuondoka aliziacha glasi mbili mlangoni kwao ndani ya sweta lile lile. Marit aliziona mapema akazificha gerejini, chini ya makopo ya oili. Zile nne mama alizifunga kwenye gazeti, akamwagiza azitupe. Nazo ziko huko huko.

Mama Sigrid siku hizi haongei sana. Jumapili anaweka sahani tatu mezani.

"Ameandika?"

"Hajaandika, mama."

"Mwambie arudi. Mwambie ni mimi niliyesema mgongoni, si yeye."

"Si wewe, mama."

"Mwambie hivyo hivyo."

Mwezi Machi Marit aliandika: "Mama anasema rudi. Na mimi nasema rudi. Nilikuita mwoga, na mwoga hukuwa."

Alama za kusomwa zikawa bluu siku hiyo hiyo. Jibu lilichukua siku tatu.

"Nikirudi ataitazama mikono yangu, na mimi nitalitazama kabati. Tutakula nini hapo? Samahani, Marit."

Hakuandika tena.

Mashine bado iko juu ya stendi. Tangi limejaa, mkanda ni mpya, plagi ni mpya, na beleshi limetundikwa ukutani juu yake. Pete imo kwenye mfuko wa nyuma, zipu imefungwa. Juzi nilipeleka yangu ikaguliwe nikamkuta kijana mmoja mgeni anaizunguka ile ya Garrick, ameipenda, anauliza bei.

"Haijawa tayari," Marit akamwambia, akaifunika na turubai.