Miwani ya Mikate Kumi na Miwili

Kila asubuhi Mshale alikwenda shule mbio, na mbio hizo ndizo zilizompeleka nchi jirani kushindana. Akiingia tatu bora, angesomeshwa sekondari bure. Baba yake hakuwa na njia nyingine.

Walipofika hosteli, mkuu wa msafara aligawa bahasha. "Chakula cha siku nne. Asinisumbue mtu," akasema, akapanda ghorofani. Hakueleza pesa ya kule ina thamani gani. Mkubwa akishashiba, hudhani dunia nzima imeshiba.

Mshale akakuta noti nne za ishirini. Akacheka. Kwao ishirini hainunui hata pipi. Akatoa tatu dukani, akarudi na miwani ya jua. Jioni noti ya nne ikaishia kwenye sahani moja ya wali.

"Bibie umekula miwani?" wenzake wakamkejeli. "Basi itafune taratibu." Hakuna aliyemmegea hata tonge.

Akapanda kwa mkuu, akamkuta na paja la kuku mkononi.

"Mwalimu, pesa zimeniishia."

"Mkono umetumia, tumbo litalipa." Akausukuma mlango kwa mguu, ukafungika.

Mwenye duka naye akakataa kuipokea miwani. Siku mbili Mshale alishindia maji ya bomba. Siku ya mbio aliongoza mpaka kona ya mwisho, nguvu zikamwishia, wanne wakampita.

Mpishi wa hosteli alimkuta nyuma ya jiko akichambua maganda ya viazi, akitafuta la kutafuna. Akampa mkate na chai, naye Mshale akamsimulia yote.

"Osha masufuria yale, utakula hapa mpaka mwondoke. Na ukiwa ugenini, mwanangu, usianze na bei ya unachokitamani. Anza na mkate. Hapa ni tano. Miwani yako ni mikate kumi na miwili."

"Na nafasi yangu ya shule, mama?"

"Imekwenda. Sikudanganyi."

Siku ya kuondoka, mkuu alishuka na boksi la viatu vipya vya ngozi. Mshale akasoma bei iliyobandikwa: mia tatu.

"Mwalimu, hiyo ni mikate sitini."

Safari hii wenzake hawakucheka. Mkuu akajitia kutafuta tiketi mfukoni.

Mpishi, aliyesimama mlangoni, akamshika Mshale bega. "Hesabu umeijua, mwanangu. Usije ukaisahau siku utakayokabidhiwa bahasha za wenzako."