Pankrasi Aliyeona Haya Kuacha Tuta

Jamani wa Maposeni, sogeeni kidogo, haya ni mambo ya kwetu. Asubuhi ile shamba la Pankrasi lilichangamka. Zamu yake ya kulimiwa ilifika, wanaume kumi wamejipanga, kila mtu na tuta lake, mkewe Lidwina anakoroga togwa pembeni. Na togwa ya Lidwina mimi naijua, utakunywa mpaka ukose adabu. Haya, turudi.

Lidwina hakuwa na raha, akamuuliza mumewe, "Baba Noela, vidonge vya presha umemeza?"

"Vile vinanikojosha. Niache tuta kila saa, Rupert anicheke?"

"Hujameza tangu lini?"

"Tangu tuanze kulimiana."

Wiki ya tatu hiyo. Rupert, mdogo wake, akadakia, "Muache kaka, shemeji. Siku hizi haachi tuta kila saa kwenda kukojoa kama mama mjamzito." Watu wakacheka, Pankrasi naye akacheka.

Jua halijapanda, Pankrasi akashika kifua. Jasho likamtoka kama kamwagiwa ndoo. Lidwina kufika, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia unaning'inia, jembe liko chini.

"Kifua hicho ni gesi," jirani yao Valence akasema. "Mpeni togwa."

"Gesi inapinda mdomo?" Rupert akamkatiza. "Huo upepo mbaya. Twende Namtumbo kwa mganga akachanjwe chale."

Basi huyu anasugua kifua, yule anavuta mkono, mgonjwa yuko katikati anakoroma. Valence akamimina togwa, ikampalia. Lidwina akakipiga kikombe kikaruka.

"Shemeji, Namtumbo nenda wewe. Mume wangu anakwenda hospitali. Valence, kimbia barabarani, simamisha gari lolote."

Likasimama gari la mbolea. Njia nzima Lidwina alimlaza ubavu, anahesabu pumzi zake.

"Mama, ni moyo na kiharusi, vyote kwa pamoja," daktari akamwambia. "Mngepitia kwingine, mngeleta maiti."

Pankrasi alipona, lakini nusu. Msimu uliofuata walimlimia yeye kakaa kwenye kiti mwisho wa tuta. Mkojo ulipombana, maneno hayatoki, akamtazama Lidwina tu. Lidwina akamshika kwapani, wakaenda kichakani taratibu, wanaume wote wanaona. Rupert akainamia jembe lake. Hakuna aliyecheka.

Funzo

Presha haiumi, ndiyo maana tunaidharau. Kidonge kikikusumbua, rudi kwa daktari uzungumze naye, usikiache kwa kuogopa macho ya watu. Ukiona kifua kinabana, mdomo unapinda au mkono unalegea, usimnyweshe mtu kitu, usibishane ni ugonjwa gani, mkimbize hospitali. Na wewe unayemcheka mwenzako akiacha tuta kwenda kukojoa, mwache aende. Atarudi kwa miguu yake.