Alama Ishirini na Tisa

Jumamosi duka la fotokopi huwa halina adabu. Watu wamebanana hadi mlangoni, mashine zinanguruma, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Ndani ya vurugu hiyo mikono miwili ilikamata kitabu kimoja cha mitihani ya hesabu ya miaka iliyopita, na hakuna aliyekubali kuachia.

"Dada, mimi ndiye niliyekishika kwanza."

"Kaka, wewe ulikigusa. Kushika ndiko huku."

Huyo dada alikuwa muuza dawa wa miaka ishirini na minne, gauni la bluu limepigwa pasi likanyooka, nywele kazifunga juu. Kazini walimwita Kwanini, maana hakupokea jibu bila kuuliza limetoka wapi. Kaka alikuwa fundi umeme wa miaka ishirini na saba, mikono ya shati kaikunja, bisibisi mfuko wa nyuma. Wote walikatisha shule zamani, na sasa wakitoka kazini walisoma sayansi na hesabu za miaka miwili ya mwisho ya sekondari, katika kituo kimoja cha watahiniwa binafsi. Lakini walikuwa hawajawahi hata kusalimiana.

"Basi tutoe kopi mbili," alisema Fundi. "Tusije tukapigana mbele za watu."

Foleni ilikuwa ndefu, na Kwanini si mtu wa kukaa kimya. "Hivi umewahi kujiuliza kwa nini sini ya pembe ya nyuzi thelathini ni nusu? Naambiwa nikariri tu. Mimi kukariri kitu nisichokielewa kunaniwasha."

Fundi aliokota karatasi iliyoharibika na kuchora. "Pembetatu yenye pande sawa, kila upande mbili. Ikate katikati kutoka juu. Pembe ya juu ilikuwa sitini, sasa?"

"Thelathini."

"Na upande wa chini ulikuwa mbili, umebaki?"

"Moja. Na ule mrefu bado mbili. Moja kwa mbili... Nusu! Lo! Kumbe ndiyo hivyo tu? Miaka yote hii walikuwa wananificha!"

Duka zima liligeuka. Watu wengine hupendea macho, wengine mwendo. Fundi alipendea kelele ile, na mimi simlaumu.

Baada ya wiki tatu walikuwa wanakaa meza moja, ya nyuma kabisa, dirishani. Baada ya miezi mitatu walikuwa wanapigiana simu kila mchana.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Hebu niambie, kwa nini ndege akitua kwenye waya wa umeme hafi?"

"Hii simu ni ya mapenzi au ya mtihani?"

"Vyote. Jibu."

"Miguu yote iko waya mmoja, hakuna cha kuusukuma umeme upite mwilini mwake. Umeridhika, malkia wangu?"

"Bado. Na bawa likigusa waya wa pili?"

"Hapo tutamzika."

Kwanini alicheka hadi wateja wakamshangaa. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwa la kuchekesha. Chuo cha ufamasia alichokuwa anakitaka kilikuwa mji mwingine, safari ya kutwa nzima, na masomo yake miaka minne. Siku moja Fundi alisema kwenye simu, "Laiti ungefeli kidogo tu, ubaki na mimi."

"Koma wewe!"

Wakacheka wote wawili, ila Fundi alicheka kwa mdomo tu.

Ukaja mtihani wa majaribio. Sheria ya kituo ilikuwa moja: asiyefika alama arobaini hasajiliwi kwa mtihani wa taifa, angoje mwakani. Na asubuhi ile ile kalkuleta ya Kwanini ikakataa kuwaka. Akaibonyeza, akaigonga mezani, wapi!

"Chukua yangu," Fundi alimwambia. "Mimi nina ile kuukuu, itanitosha."

Wiki iliyofuata matokeo yalibandikwa ukutani. Fundi, themanini na moja. Kwanini, ishirini na tisa.

Alisoma mara tatu. Kisha akatoa ile kalkuleta mkobani, akaigeuza huku na huku, na ndipo akaona juu ya kioo kialama kidogo sana. Haikuwa kwenye nyuzi. Ilikuwa kwenye radiani, kipimo kingine kabisa cha pembe. Maswali yote ya pembe yalikuwa yameharibika. Fundi alifika, akasoma ukutani, kisha akamwona bado amesimama pale pale.

"Uliiweka kwenye radiani."

Fundi alishika kichwa. "Mungu wangu! Jana yake nilikuwa nafanya maswali ya mkondo geu wa umeme, yale yanayotaka radiani. Nilisahau kuirudisha."

"Wewe? Unayekagua swichi mara tatu, leo unasahau?"

"Kwanini, nisikilize..."

"'Laiti ungefeli kidogo tu.' Si maneno yako hayo? Haya, nimefeli. Furahi!" Akamwekea kalkuleta kiganjani, akaondoka.

Siku nne hakupokea simu. Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, uzalendo ulimshinda. "Simu inalia mpaka jirani kaja kuuliza kama tumefiwa. Huyo kijana kakufanya nini?"

"Kaniua, shangazi."

"Mbona unapumua? Inuka unawe uso."

Alinawa. Na kwa vile udadisi hauondoki kwa machozi, alichukua karatasi yake ya mtihani, akaazima kalkuleta kazini, akaiweka kwenye radiani na kurudia swali moja moja. Majibu yote yalitoka yale yale aliyokuwa ameandika. Njia ilikuwa sawa mwanzo hadi mwisho.

Mwalimu wa hesabu, mama mwembamba mwenye chaki kwenye mikono ya blauzi, alipitia kurasa moja baada ya nyingine.

"Siombi huruma, mwalimu. Naomba uangalie njia."

"Njia ni safi. Ila hapa, sini ya thelathini, umeandika hasi sifuri nukta tisa tisa. Hukujua kwamba ni nusu?"

"Nilijua."

"Kwa nini basi uliandika hasi?"

Siku hiyo muuliza maswali ndiye aliyeulizwa. "Kalkuleta ilikuwa ya Fundi," alisema. "Nikaona yeye hakosei, labda nimekosea mimi."

"Kwa hiyo kosa ni la nani?"

"La wote wawili."

"Afadhali umesema. Maana mwenzako alikuja hapa anataka nimpunguzie yeye alama nikuongezee wewe. Nilimfukuza, alama si mboga za kugawana. Jumamosi saa tatu, ubaoni, bila kalkuleta. Ukipita, unasajiliwa siku hiyo hiyo."

Jumamosi alisimama ubaoni saa nzima, vumbi la chaki hadi kwenye kope. Alipotoka na fomu ya usajili mkononi, Fundi alikuwa kwenye ngazi, shati jeupe, ndevu hazijanyolewa.

"Umepita?"

"Nimepita."

"Alhamdulillahi. Naapa sikufanya makusudi."

"Najua."

"Ngoja, sijamaliza. Nilipoona ishirini na tisa ukutani, kabla sijajua kosa ni langu, nilifurahi. Dakika moja hivi. Nilisema moyoni, haendi tena. Halafu nikaona aibu. Nakuomba msamaha wa hiyo dakika."

Neno hilo lilimuuma Kwanini kuliko zile alama. "Mbona unaniambia? Nisingejua kamwe."

"Ungeuliza siku moja. Na mimi sijawahi kukujibu uongo."

"Na sasa unataka niende, au nibaki?"

"Nataka ubaki mpaka kifua kinauma. Lakini nenda. Ukibaki kwa ajili yangu, nitakuwa nimekuharibia kweli."

Kwanini alifuta macho kwa mkono wenye chaki, akazidi kujichafua. Aliegemea ukuta, akajaza fomu. Karibu na mwisho alinakili namba kutoka kwenye simu yake, akaandika kwa kuificha na kiganja, kisha akaenda dirishani kwa karani. Fundi alimfuata.

Karani aliisoma kwa sauti, kama wafanyavyo makarani. "Mtu wa kupigiwa simu kukiwa na dharura, kazi yake: fundi umeme. Uhusiano: mchumba." Akainua muhuri. "Nikishagonga hapa, habadilishwi mtu. Ni sahihi?"

"Muulize yeye," alisema Kwanini.

Fundi aliinama dirishani, akalisoma lile neno mwenyewe.

"Kaka, watu wanasubiri."

"Ni sahihi," Fundi alisema, na muhuri ukagongwa.