Abiria wa Behewa la Nyuma

Rafiki yangu Nerys ni askari polisi wa mtaa, analinda treni ndogo za bonde letu huku Wales. Abiria walilalamika kwamba behewa la nyuma halikaliki. Mkuu wake, bingwa wa kulinda reli akiwa ofisini na chai yake, akacheka.

"Kawabandikie tangazo, watapoa hao waoga!"

Asubuhi iliyofuata Nerys akapanda behewa lile, tupu kabisa. Akabandika karatasi iliyoandikwa "Uko salama nasi," akaketi karibu na mlango. Treni ikaingia handakini, na taa za bei poa zikazimika. Katika giza na kelele za magurudumu akasikia nyayo, kisha mtu akaketi kando yake, akihema.

"Tulia hapo! Mimi ni polisi."

"Polisi?" sauti ya kikongwe ikamcheka. "Leo ndiyo mnafika?"

Treni ikatokea kwenye mwanga. Hakukuwa na mtu. Lakini viti vya mlangoni ni vya springi, ukiinuka tu hujikunja vyenyewe. Kile cha kando yake kilikuwa bado kimelala, mto umebonyea. Nerys akakitazama mpaka kituo kilichofuata. Mlango ukafunguka, na kiti kikajikunja polepole, kikagonga ukuta.