Kilio cha Siku ya Msiba

"Mjinga mkubwa wee! Nimekwambia mara ngapi ushike vizuri?" Baba mmoja alimfokea mwanawe wa miaka minne katika ukumbi wa kliniki jijini Mbeya, uji ukitiririka sakafuni. Mtoto akatabasamu. Alichosikia yeye ni sauti ya baba yake ikisema, "Uji umemwagika, mwanangu. Tufute pamoja."

Dakta Subilaga, aliyeketi mkabala nao na binti yake, aliitazama kazi ya mikono yake. Kipoza-kauli, kidude kidogo kama punje ya mtama, kilitiwa katika sikio la kila mtoto siku ya tatu tangu azaliwe. Kilinasa sauti ya mzazi, kikaichuja ukali, kisha kikamfikishia mtoto sauti ile ile ikiwa laini, yenye maneno ya upole. Sauti za watu wengine kiliziacha zilivyo. Wanasaikolojia walikishangilia. Wazazi ndio usiseme, maana ni nani asiyependa kusamehewa kabla hajaomba radhi?

Hakukibuni kwa mzaha. Mama yake mzazi alikuwa na mdomo mchafu, na yale matusi yalikuwa bado yanamchoma hata leo akiwa na miaka hamsini. Aliapa kwamba mwanawe hatayaonja. Ndivyo Tusekile alivyokuwa mtoto wa kwanza kabisa kuvaa kipoza-kauli. Alikua mtiifu na mwenye adabu, lakini tangu miaka tisa hakuwahi kumkumbatia mama yake, na Subilaga hakujua kwa nini. Leo binti ametimiza kumi na minane, na sheria inataka kidude kitolewe. Mama alijipa moyo kwamba ubaridi ule nao utatoka.

Nesi aliwaingiza chumbani, akakichomoa kwa kibanio, akawaacha wawili.

"Unanisikia, mwanangu?"

Tusekile alishtuka. "Sauti yako inakwaruza, mama."

"Ndiyo yangu hiyo."

"Basi nijibu kwa hiyo hiyo. Siku ya msiba wa baba, kwa nini ulijifanya unalia?"

"Nilijifanya?"

"Nilikuwa mdogo, sikuwa kipofu. Shangazi Sekela alilia mpaka sauti ikamkauka. Wewe ulipanua mdomo, machozi yakakutoka, lakini nilikusikia ukisema taratibu, 'Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Baba amepumzika.' Kama vile unaniambia chai iko mezani. Nikajua unawaigizia waombolezaji. Tangu siku ile sijakuamini, mama. Ndiyo maana kesho nahamia kwa shangazi."

Subilaga alikaa kitandani. Alijua vizuri kilichotokea. Kwenye orodha ya sauti za kupozwa, chini ya matusi na kufoka, yeye mwenyewe aliandika: kilio cha mzazi. Utafiti ulisema kinamtia mtoto hofu. Siku ile alikuwa akigaragara chini akiliita jina la mumewe, Ambakisye, na kidude kikafanya kama kilivyoagizwa.

Alimweleza binti yake yote, bila kujitetea.

"Na ile sauti yenyewe haikuhifadhiwa popote?" Tusekile aliuliza.

"Niliagiza zifutwe zote. Sikutaka uje uzisikie."

"Basi lia sasa, nikusikie."

Haikuwa shida. Miaka tisa ilimtoka Subilaga kifuani kwa mpigo mmoja, akalia kwa kwikwi, makamasi yakimshuka bila aibu. Tusekile alisimama akimsikiliza mpaka mwisho, kwa makini kabisa, uso umemkunjamana kwa kujitahidi.

"Labda ni kweli," alisema hatimaye. "Natamani iwe kweli. Lakini sijawahi kukusikia ukilia, mama. Nitajuaje?"

Nesi alichungulia mlangoni. "Dakta, samahani, unawatisha watoto huku nje."

Tusekile alichukua mkoba wake, akamwambia mama yake pole, akatoka. Subilaga aliinuka akamfuata hadi mlangoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwa binti yake akamwita kwa sauti yake yote, "Tusekile!"

Ukumbini watoto wote waligeuka, hata yule wa uji. Tusekile peke yake hakugeuka, akaendelea kutembea. Hakuwahi kuitwa kwa sauti ile, wala hakuitambua kuwa ya mama yake.